Ugali wa Matanga

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakipikiana na kuzikana, Bi Nguchiro alifiwa na mumewe, Mungu amlaze pema. Aliachiwa shamba moja tu. Matanga hayajaanuliwa, jirani yake Nyati akaja, gu, gu, gu.

"Pole, shemeji," akasema Nyati. "Ila shamba hili litakushinda. Tulime tuta moja moja, majirani wakiona. Atakayetangulia kufika mwisho, shamba lake."

Bi Nguchiro akayatazama yale mabega. Kwa nguvu hamwezi. Akamwomba Mola wake kimoyomoyo, kisha akasema taratibu, "Sawa, shemeji. Lakini hii ni nyumba ya msiba. Mgeni wa matanga haondoki bila kula, wala habakizi. Ukibakiza, umemdharau marehemu."

"Nani kakwambia nitabakiza?"

Akamsongea ugali wa sufuria kubwa, kwa maharage na viazi. Nyati akala. Akaongezwa, akala. Majirani wakatazamana.

"Nguvu ni chakula, shemeji," akajisifu, huku akicheua.

"Kweli kabisa. Ongeza kidogo hiki, usimuudhi marehemu."

Yeye Bi Nguchiro alikuwa amekunywa uji kikombe kimoja tu, tena alfajiri.

Wakashika majembe. Nyati akatimka, chaka-chaka-chaka, vumbi likapanda. Bi Nguchiro akaanza polepole: chap, akavuta pumzi, chap, akavuta pumzi. Mwili ulipopata joto, ndipo akakaza mwendo.

Katikati ya tuta, Nyati akasimama. Mapaja yalimwaka, ubavu ulimchoma, akaegemea mpini, huuu, huuu.

"Shemeji, umenilisha nini?"

"Ugali. Si ulisema nguvu ni chakula?"

"Mbona nguvu zake sizioni?"

"Chakula ni kuni, shemeji, na kuni haziwaki bila hewa. Wewe umeshindilia jiko hadi mdomoni, pumzi ipite wapi? Tena moto huanza na vijiti. Wewe umeanza na gogo."

Majirani wakaangua kicheko. Nyati akajaribu kuinua jembe, akaketi.

Bi Nguchiro akalima hadi mwisho wa tuta, pale mumewe alipoishia msimu uliopita, akachomeka jembe lake.

"Shemeji," akaita, "kesho ukipita, kiporo kipo."

Nyati akaenda zake, kajishika tumbo, na shamba hakulitaja tena.

Ndiyo hivyo, wanangu: nguvu haziko kwenye tumbo lililojaa, bali kwa anayejua kula kwa kiasi na kuitunza pumzi yake.