Yahachi na Mabinti wa Samurai

Kosa la baba, mtoto havikwi. Mmeisikia leo hapa kiwandani, vijana, mkaniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, Japani ilipokuwa bado mikononi mwa samurai, wale askari wa ukoo waliotembea na panga viunoni, mjini Hanashiro palikuwa na mfanyabiashara aliyeitwa Yahachi. Alisuka na kuuza kamba za hariri za kufungia mipini ya panga. Mfanyabiashara enzi hizo hakuwa mtu mbele ya samurai, lakini Yahachi hakujali. Alikuwa na mkewe, Osato, na mtoto wao wa pekee, Shinkichi, kijana aliyesuka kwa vidole vyepesi kuliko vya baba yake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka. Samurai mmoja, Okuda, akapita madukani kutafuta vijana wa kubeba mikuki. Alipomchagua Shinkichi, Yahachi akampigia magoti.

"Bwana, huyu hajawahi hata kuchinja kuku."

"Nitamlinda mimi mwenyewe," Okuda akasema.

Shinkichi akaenda akicheka. Vita vilipopamba moto, Okuda aliwaacha vijana wale darajani wazuie adui, yeye akakimbilia ngomeni. Hakurudi hata mmoja wao. Osato akakataa chakula, na kabla baridi haijaisha Yahachi akamzika naye pia.

Upande wa Okuda ukashindwa. Serikali mpya ikapiga marufuku panga, na samurai wakabaki watu tu, wasiojua kulima wala kuuza. Kamba za Yahachi nazo zikakosa mnunuzi. Akauza nyumba, akanunua mitambo ya kufuma vitambaa, akafungua kiwanda kando ya mto. Watu walisema ana moyo wa jiwe. Ukweli ni kwamba aliogopa kukaa peke yake katika nyumba ile.

Asubuhi moja ya theluji Okuda akaja mlangoni, amekonda, anaburuta mguu. Nyuma yake walikuwa mabinti zake wawili, midomo imepasuka kwa baridi. Akapiga magoti.

"Bwana Yahachi, mama yao amekufa kwa njaa. Mimi nifukuze. Hawa wape kazi."

Yahachi akashika mwimo wa mlango.

"Mwanangu alikuita ulipoondoka?"

"Aliniita."

"Ukamsikia?"

"Nilimsikia."

Mitambo ikasimama. Msimamizi wa kiwanda akasema, "Tuwatoe nje wote, bwana. Damu yao ni moja."

Binti mdogo alikuwa akimvuta baba yake mkono, akijaribu kumwinua. Yahachi alimtazama, akauachia mwimo.

"Wewe Okuda sikusamehe, duniani wala ahera. Usikanyage hapa tena. Lakini kosa la baba, mtoto havikwi. Waingie, wakaote moto."

Okuda akaenda zake. Theluji ilipoyeyuka, maiti yake ilikutwa msituni. Yahachi aliwasindikiza mabinti mazikoni, akasimama mbali, wala hakumwombea. Kisha akawarudisha kiwandani, akawapikia uji kwa mikono yake.

Walikulia pale, wakazeekea pale. Yahachi hakupata mtoto mwingine, wala hakucheka tena mpaka anaingia kaburini. Ila tangu siku ile, kila aliyetaka kumfukuza mtoto kwa sababu ya mzazi wake aliambiwa maneno yale yale: kosa la baba, mtoto havikwi.