Kiboko Aliyeonja Mitungi Yote

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na mtungi.
— Ukajaa!
Palikuwa na koo.
— Likaumaliza!

Basi koo hilo lilikuwa la Kiboko wa Mto Ruvundu. Kila mwaka, ulezi ukishavunwa, wanyama wa mto huo walishindana kupika pombe. Mtungi ulipewa alama kumi kwa rangi, kumi kwa harufu, kumi kwa povu, kumi kwa ladha, na kumi kwa namna pombe inavyoshuka kooni. Jumla hamsini. Mshindi alipewa konde la bondeni alilime mwaka mzima. Usipopatikana hata mtungi mmoja wa kufika thelathini, konde lilibaki mikononi mwa mwamuzi, alitunze. Mwamuzi alikuwa Kiboko, na Kiboko alilitunza konde hilo kwa meno.

Mwaka huo Pimbi naye alipika. Nasema Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini asiye na mkia. Asije mtu akamwita sungura. Alikuwa mjane mwenye watoto, na juu ya majabali hakuoti ulezi. Kimea chake cha mwisho alikitia chote mtungini, akazidisha maji ili ujae. Asipopata konde kabla ya mvua, watoto wangelamba mawe.

Siku ya shindano mitungi ikapangwa kivulini, kila mmoja umefunikwa jani la mgomba. Desturi ya mto ule ilijulikana hata na watoto: mwenye pombe huonja kwanza, wote waone kwamba haina sumu. Anayetangulia kuonja ndiye mwenye mtungi. Bi Ngedere akashika kata, akausogelea wake.

"Rudi!" Kiboko akanguruma. "Ukionja mbele yangu nitajua mtungi ni wako. Haki ya shindano ni siri. Mimi nahukumu pombe, sihukumu sura."

"Lakini, mzee, desturi yetu..."

"Rudi, nimesema!"

Kobe, mpiga mbiu, akampa Kiboko kata ya kuonjea. Kiboko akaitupa mtoni. "Kata moja haifiki kooni mwangu. Nitahukumuje kitu kisichofika?" Akainua mtungi wa kwanza. Gu-gu-gu-gu! Akaubwaga chini mtupu.

"Rangi, mbili," alisema, macho kayafumba. "Harufu, mbili. Povu sikuliona. Ladha, tatu. Kooni imepita upesi mno. Mbili."

"Tisa!" Kobe akanadi.

"Povu utalionaje na umelimeza?" Bi Ngedere alilia. "Na rangi umeionea wapi, macho umefumba?"

Mtungi wa pili. Gu-gu-gu-gu!

"Saba!"

Mtungi wa tatu. Gu-gu-gu-gu!

"Sita!"

Huo ulikuwa wa Nungunungu, na miiba yake yote ilisimama. "Jamani, huyu haonji! Huyu anakunywa!"

Kiboko akaendelea na mstari, gu-gu-gu-gu, na hakuna mtungi uliofika kumi. Pimbi alitazama kwa hasira. Kunywewa si neno. Lakini kunywewa, kisha kutukanwa! Hata mwizi wa kuku, aliwaza, hageuki akasema kuku wako alikuwa amekonda.

Ukabaki mtungi wa mwisho, wake yeye. Kiboko alipoufunua tu, Pimbi akachupa, akachovya kata, fyoo! Akameza.

"We kijinyama! Umenionyesha mtungi wako! Umeharibu siri!"

"Nisamehe, babu. Nimeharibu ya kwangu tu. Siri ya ile mingine iko salama?"

"Salama kabisa!"

"Hujui upi ni wa nani?"

"Sijui hata mmoja. Mimi ni mwamuzi wa haki."

"Na nani aliyetangulia kuionja?"

Kiboko akatunisha kifua. "Mimi! Nani mwingine angethubutu?"

Pimbi akawageukia wenzake. "Mmesikia, jamani? Anayetangulia kuonja ndiye mwenye mtungi. Basi mitungi yote hii ni ya babu."

"Uongo!" Kiboko akafoka. "Ule ni wa Ngedere, ule pale ni wa Nungunungu, ule..."

Kobe akatoa shingo yake yote nje. "Alaa! Kumbe ulijua?"

"Sijui! Sijui kitu!"

"Chagua, mzee," alisema Kobe. "Kama unajua, umevunja siri, huwezi kuhukumu. Kama hujui, pombe ni yako, na mwenye pombe hajihukumu."

"Tena ni mpishi mbovu!" Nungunungu akadakia. "Tisa, saba, sita! Kasema kwa kinywa chake!"

Wakaangua kicheko. Kiboko akainuka awafukuze, lakini miguu iliyobeba mitungi yote ile ilikataa. Akapepesuka huku, akapepesuka kule, akateleza ukingoni. Chubwi!

Sasa nani ahukumu mtungi uliobaki? Wapishi wenyewe, kata kwa kata. Pimbi akarudi nyuma hatua moja, maana alijua alichokipika.

Bi Ngedere akaonja. "Rangi ya maji," alisema taratibu.

"Na ladha ya maji," alisema Nungunungu.

"Mama Pimbi, yangu ilikuwa bora kuliko hii," Bi Ngedere akasema.

"Naamini, dada. Iko wapi?"

"Tumboni mwa Kiboko."

"Basi zama ukaihukumu huko."

Wapishi wakatazamana. Tangu asubuhi walikuwa wakipiga kelele, makoo yamekauka kama ngozi ya ngoma. Bi Ngedere akachota tena. Nungunungu akachota tena.

"Kooni je?" Kobe akauliza.

"Lo! Inashuka!"

"Ongeza!"

Wakachota mpaka wakalamba ukingo wa mtungi, na Kobe akanadi: "Hamsini!" Kesho yake Pimbi na wanawe wakateremka bondeni na majembe.

Funzo lake ni hili: mwamuzi aheshimiwe, pombe njema haishindwi, na alama hazisemi uongo.

Ngano yangu imefika machichani. Anayetaka zaidi akapike yake.