Mitungi ya Tusekile

Kabla hujaituma hii kwa mwingine, isome mwenyewe hadi mwisho. Hadi mwisho kweli, hata kama mstari wa pili utakufanya useme unajua inakoelekea.

Palikuwa na nchi moja iliyochoka. Haikuwa nchi ya wajinga. Ilikuwa nchi ya watu waliodanganywa mno.

Kila mwaka fukusi walikula mtama wao ghalani. Watu wanavuna vizuri, wanajaza vihenge, na kabla ya mvua za kupandia punje zimebaki maganda na vumbi. Mwaka uliopita walikuwa wameomba mbegu kwa majirani, na majirani wakasema bila kuuma maneno: "Safari hii tumewapa. Mwakani msije."

Wenye dawa za fukusi walipita wengi. Wa kwanza alileta unga mweupe wa kunyunyizia, ukaja kujulikana ni majivu ya jikoni. Wa pili alizunguka vihenge akiwakemea fukusi kwa sauti kubwa. Fukusi walimsikiliza kwa adabu, wakaendelea kula. Wa tatu aliacha kifurushi kilichofungwa kwa ngozi, akaagiza, "Msikifungue mpaka mwezi uandame, nguvu zitatoroka." Mwezi ulipoandama wakafungua, wakakuta mchanga. Yeye na mbuzi waliomlipa walikuwa mbali.

Tangu hapo baraza la Mtemi Lugembe lilikuwa na jibu moja kwa kila jambo geni. Jibu lenyewe lilikaa mdomoni mwa Mzee Shigela, na lilitoka kabla mgeni hajamaliza salamu: "Hakuna kitu hapo."

Ndipo mtoto wa Mtemi akaoa ng'ambo ya milima, akamleta nyumbani mkewe, Tusekile. Mavuno yalipoingia, binti huyo alipiga magoti barazani mbele ya baba mkwe wake.

"Baba, kwetu mbegu tunaziweka kwenye mitungi. Tunaupaka mtungi mafuta ndani, tunaujaza hadi shingoni, tunaziba mdomo kwa nta na udongo. Fukusi naye anapumua. Pumzi ikimwishia, anakufa. Ila mtungi usifunguliwe mpaka siku ya kupanda."

Baraza lililipuka kwa kicheko.

"Usifunguliwe!" Shigela alijipiga paja. "Huyu na yule wa kifurushi wamenyonya ziwa moja. Hakuna kitu hapo."

Mtemi hakucheka. Hakukasirika pia. Alikuwa mtu ambaye hata kukasirika kulishamchosha.

"Na huku kwetu itafaa, mwanangu?"

"Kwetu inafaa, baba. Udongo wa huku sijauzoea. Huenda mitungi mingine ikapasuka."

"Mmesikia?" Shigela aliwageukia wenzake. "Hata mwenyewe hajui!"

Jamani. Wale matapeli watatu hawakuwahi kusema "sijui" hata mara moja, na wote waliondoka na mbuzi. Huyu mmoja aliyesema ukweli ndiye aliyechekwa.

Mtemi alijifuta uso kwa kiganja. "Nimechoka kudanganywa. Lakini na kukataa nako kumenichosha. Kila mzee wa baraza achukue mtungi mmoja wa mbegu, akauweke nyumbani kwake. Mbegu nyingine zibaki kwenye vihenge kama desturi. Mvua ikianza, tutaona."

Tusekile akafinyanga, akachoma, akajaza, akaziba. Wazee wakaja kuchukua. Mzee Ndaki, mpole kuliko wote, aliupokea wake kwa mikono miwili. "Mimi sina roho mbaya, mkwe. Nitaupa nafasi." Shigela aliushika wake kwa shingo, kama mtu aliyekabidhiwa panya aliyekufa.

Msimu wote wa kiangazi Tusekile hakuchota maji kwa amani. Kila alipofika kisimani aliulizwa, "Vipi, mama, fukusi wako wameshakata roho?" Mwanzoni alikuwa akijibu. Baadaye alikuwa anajaza mtungi wa maji na kuondoka.

Mvua ikaanza. Vihenge vilipofunguliwa, vilikuwa vile vile vya kila mwaka: vumbi. Wakabaki wanaitazama mitungi, maana hakukuwa na mbegu nyingine popote, na kwa majirani hakuendeki.

Wa kwanza ukafunguliwa. Vumbi, na fukusi wanatembea juu yake kama wenye nyumba. Wa pili, vumbi. Wa Ndaki, vumbi.

"Nilisema nini mimi?" Shigela alisimama katikati ya baraza, karibu kufurahi. Watu wanakaribia kufa njaa, na mtu anafurahi kwa sababu alisema kweli!

Mtemi alimtazama mke wa mwanawe kwa huruma. "Basi, mwanangu. Nenda kapumzike." Kisha, kwa ajili ya kumaliza tu, akauliza, "Shigela, na wako?"

"Wangu? Wala sijui uliko. Mimi sina muda wa upuuzi."

Mkewe ndiye aliyejua. Ulikuwa nyuma ya zizi la mbuzi, umelala ubavu, umechafuka kwa mavi ya kuku. Akauleta, akauweka chini, Mtemi akaupasua mdomo kwa kisu.

Mtama. Mzima, mkavu, unang'aa. Juu yake fukusi wachache wamelala chali, wamekufa zamani.

Tusekile, aliyekuwa ameanza kuondoka, alirudi, akainama juu ya mitungi iliyoharibika, akaanza kuokota vizibo vyake kimoja kimoja.

"Mzee Ndaki, huu udongo mwekundu umetoka wapi? Mimi niliziba kwa udongo mweusi wa bondeni."

Ndaki akakohoa. "Nilichungulia tu, mkwe. Kidogo."

"Mara moja?"

"Ah... si kila asubuhi. Kuna asubuhi nilikuwa na homa."

"Mimi nilitaka kuhakikisha kama wamekufa," akasema mwingine.

"Mimi niliwasikia wanatafuna, nikafungua niwaone."

"Kumbe kila walipokaribia kufa, mliwafungulia wapumue," alisema Tusekile. Hakupaza sauti. Hakuwa nayo ya kupaza.

Shigela alikuwa bado ameukodolea macho mtungi wake. "Hii ni bahati tu," alisema.

"Bahati ilikuwa ni mkono wako kutofika," Mtemi alimjibu. "Wewe ulimdharau, ukamwacha. Hawa walimheshimu, wakamharibia."

Mtungi mmoja haulishi nchi. Mtama ule ulitosha shamba moja, na kilichovunwa humo hakikuliwa. Kiliwekwa chote kuwa mbegu. Mwaka huo watu walikula majani ya porini na mizizi. Baadhi ya nyumba zilihama, hazikurudi. Hayo hayakufanywa na fukusi peke yao.

Msimu uliofuata Tusekile aliziba mitungi mingine, na safari hii hakuna aliyecheka. Msidhani walikuwa wamemwamini. Watu waliodanganywa vile hawaamini kwa siku moja. Ila sasa walikuwa wameijua mikono yao. Ndaki alimpa mkewe mtungi wao, akageukia ukutani.

"Kauweke mahali nisipopajua," alisema. "Na usinionyeshe, hata nikikusihi."

Funzo: Anayejaribu jambo jipya huku akilitafutia kasoro hajalijaribu; amekwisha kulihukumu, na sasa anatengeneza ushahidi. Kabla hujasema "hakuna kitu hapo", hakikisha si mkono wako uliokiua.