Mkono wa Upande wa Pili

Ukijua mkono wa mwenzio, jua na mlango wake. Vijana wangu, mmeuliza usemi huu ulitoka wapi. Ulianzia kwenye shimo la wapasua mbao, milimani Usambara, Jumatatu tarehe 8 Juni 1959, asubuhi ya ukungu mzito na manyunyu.

Asubuhi hiyo Yoeli Shekiondo alipanda juu ya gogo, akasubiri. Siku hizo mbao zilipasuliwa kwa msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwingine chini shimoni. Wa chini alikuwa Nandonde, mtu wa kusini, mpole, macho mekundu kwa vumbi la mbao. Miaka sita walikuwa wakivuta msumeno mmoja. Kwa mvuto wake tu Yoeli alijua kama mwenzake amechoka au ana furaha. Jumamosi iliyopita alisikia msumeno umekuwa mzito.

"Vuta, bwana," alimtania. "Mkeo hakukupikia leo?"

"Navuta, kaka," Nandonde alijibu kutoka chini.

Kazi ilipokwisha kila mmoja alishika njia yake, kama siku zote.

Sasa shimo lilikuwa tupu. Yoeli alimwendea msimamizi, akauliza Nandonde anakaa wapi.

"Miaka sita mmevuta pamoja, halafu unaniuliza mimi?" msimamizi alicheka. "Kamwulize msumeno."

Yoeli alizunguka vitongoji vya bondeni kutwa nzima, na kesho yake tena, akimuulizia mtu ambaye hata jina la baba yake hakulijua. Jioni alielekezwa kwenye kibanda cha udongo kando ya kijito. Bibi mmoja, jirani, alikuwa ameketi mlangoni, kanga kichwani.

"Ndiwe Yoeli?"

"Ndimi, mama."

"Umechelewa, mwanangu. Homa imemchukua alfajiri. Hakuwa na mke wala ndugu huku, akawa anakutaja wewe tu. Nikamwambia, nielekeze kwake nikamwite. Akasema, 'Hapo, bibi, umeniweza. Sipajui.'"

Yoeli alikaa chini kwenye matope. Ng'ambo ya kijito aliona moshi ukipanda kutoka jikoni kwake mwenyewe.

Walimzika kesho yake. Wapasua mbao wote walikuja, wakasali, lakini ilipofika wakati wa kutaja ukoo wa marehemu, hakuna aliyeujua. Ndipo Yoeli akasogea karibu na kaburi.

"Mungu ananisikia, nanyi mnanisikia," alisema. "Sitashika tena msumeno na mtu kabla sijaingia kwake, naye akaingia kwangu. Naahidi mbele yenu, nanyi wafundisheni wanenu: ukijua mkono wa mwenzio, jua na mlango wake."