Aliyechelewesha Cheche

Sogeeni, na anayetafuna amalize kwanza, maana mwisho wa hadithi hii kuna swali na sitaki kujibiwa na mdomo uliojaa.

Palikuwa na watu watatu na gari moja, Datsun kuukuu la bluu, katika gereji moja nje kidogo ya Himo. Shose alikuwa dereva, binti asiyejua woga; mguu wake ukishakanyaga mafuta hauondoki mpaka mstari wa mwisho. Kirita alikuwa mtu wa gesi, mjuzi wa kuipa injini ndogo nguvu isiyo yake. Wa tatu alikuwa fundi Elinami, mzee wa miaka sitini na mbili, na kipaji chake kilikuwa sikio. Alijua kwa kusikiliza tu kama cheche ya plagi inawasha moto mapema au inachelewa.

Elinami aliishi chumba cha nyuma ya gereji. Gari lile walikuwa wamelijenga yeye na rafiki yake Ndekirwa, mwenye gereji. Ndekirwa alipofariki, watu walimpa pole mjane, wakawapa pole watoto, na hakuna aliyekumbuka kumpa pole fundi. Mwaka wa pili huo sasa, na siku nyingine jioni ilifika hajaongea na mtu zaidi ya salamu. Alikuwa mpweke, tusizunguke. Kila asubuhi aliliwasha Datsun hata kama halina safari, apate cha kusikiliza.

Basi mjane, Mama Haika, akaamua kuhamia Mwanza kwa binti yake. Gereji ilishapata mpangaji, na mpangaji alikubali fundi abaki na chumba chake. Gari ndilo lililobaki. Mama akatangaza kwamba Jumamosi kuna mashindano, kwenye uwanja wa zamani wa ndege ndogo ndani ya shamba la mkonge. Gari likishinda, funguo atampa aliyelishindisha. Lisiposhinda, atampa binamu yake wa Tanga akafugie kuku humo. Shose alitaka kwenda nalo mashindano makubwa ya Arusha. Kirita alitaka kuing'oa injini aifunge kwenye gari lake. Elinami alitaka liendelee kukaa mlangoni pake, basi.

Kirita akaanza. Alifunga mtungi wa gesi ya naitrasi kwenye buti, akapitisha bomba hadi kwenye injini, akapima na petroli ya kwenda nayo. Dereva akibonyeza kitufe, gesi ile huifanya petroli iwake kwa nguvu na kwa haraka. Bila hiyo, Datsun lingeshika nafasi ya nne kama kila mwaka.

Elinami akafuata. Petroli ikiwaka haraka namna hiyo, cheche ya wakati wa kawaida inakuwa imewahi mno: moto unaikuta pistoni bado inapanda, unaipiga kichwani mpaka inatoboka. Kwa hiyo akalegeza distributa, ile inayogawa cheche kwenye plagi, akaizungusha kidogo tu, akarudisha taimingi nyuma digrii nne ili cheche ichelewe. Asubuhi ya mashindano akakagua tena, akakuta Kirita amebadilisha tundu la kupitisha gesi, ameweka kubwa zaidi, na hajamwambia mtu. Elinami hakugomba. Alirudisha digrii nne nyingine, akakaza nati.

Tatizo ni kwamba taimingi ikirudishwa hivyo, kabla gesi haijafunguliwa gari linakuwa zito. Shose alilijaribu uwanjani, akarudi amenuna.

"Shikamoo fundi. Gari limekufa hili. Rudisha kama lilivyokuwa."

"Marahaba. Sirudishi."

"Kwa nini?"

Jibu alikuwa nalo, tena refu. Lakini ilikuwa miaka miwili hajaulizwa kwa nini, na maneno yalimgomea. Akafunga boneti, akamwambia tu, "Ukibonyeza, usiachie."

Shose angeweza kuvua kofia akaenda nyumbani. Dereva gani anakubali kuendesha gari bovu kwa neno la mtu asiyetaka kujieleza? Lakini alipanda. Bendera iliposhuka, magari mawili yakamwacha na watu wakaanza kucheka. Gia ya pili akabonyeza kitufe. Datsun likaruka, usukani ukavuta kuelekea kwenye mikonge, na mguu haukuondoka. Alishinda kwa urefu wa boneti.

Tundu lingekuwa lile dogo, wasingeshinda. Taimingi ingebaki kama ya jana, injini ingepasuka katikati ya uwanja. Mguu ungenyanyuka kidogo tu, wangekuwa wa pili. Elinami alikuwa amesimama peke yake mwisho wa uzio, amefumba macho, na hakusikia pistoni hata moja ikigonga. Alifurahi sana, na hapakuwa na wa kumwambia.

Mama Haika akawaita, funguo mkononi. Kirita akasema yeye ndiye aliyeleta nguvu, na mtungi ule pale kila mtu auone. Shose akasema nguvu bila wa kuishikilia ni ajali, na wote walimwona hakuachia.

"Na wewe, shemeji?" Mama akamgeukia Elinami.

"Nilichelewesha cheche."

"Ikawaje?"

"Hakuna kilichotokea. Injini haikupasuka."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mama akasema taratibu, "Shemeji, sasa jambo ambalo halikutokea nilipeje funguo?"

Elinami alilitazama gari. "Ndekirwa angekuelewesha," akasema. Mama Haika akazigeuza funguo mkononi.

Sasa ni zamu yenu. Msiniambie gari ligawanywe, maana gari la vipande vitatu ni chuma chakavu. Msiniambie apewe mzee kwa huruma. Mama hakuahidi zawadi ya upweke, aliahidi ya ushindi. Lakini pia msimnyime kwa sababu tu kazi yake haikuonekana, maana ilifanywa ili kisionekane kitu. Watu watatu wamesimama pale, wawili wanatazama funguo, mmoja anatazama gari.

Je, funguo zingekuwa mkononi mwako, ungeamua vipi?