Vidole vya Siwema

Ukianza kuisoma hii, imalize, halafu mpelekee mwenye baba au mama aliyestaafu.

Siwema alikuwa wakala wa fedha za simu, kwenye kibanda cha bati karibu na soko. Wastaafu wote wa mtaa ule walikuwa wateja wake. Pensheni ikiingia wanakuja na simu zao, wanamkabidhi, anabonyeza, anawapa hela mkononi. Namba ya siri ya kila mmoja alikuwa nayo kichwani. Hakuwahi kuiandika popote, wala hakuwahi kumdhulumu mtu hata shilingi mia.

Mzee Mbaruku, aliyekuwa fundi wa reli, alikuwa mbishi kuliko wote. Kila mwezi Siwema alimwambia, "Baba, kaa hapa kidogo nikufundishe. Namba zenyewe nne tu."

"Mimi na hayo madude wapi na wapi," alijibu Mbaruku. "Si upo wewe?"

Jumatatu moja asubuhi Siwema alianguka palepale kibandani. Kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikafa ganzi, maneno yakakatika. Hakuwa na mume wala mtoto, kwa hiyo waliompakia kwenye bajaji ni wazee walewale: Mbaruku, na Bi Mwanjaa, aliyekuwa mpishi wa shule. Wengine wakafuata kwa miguu.

Hospitali ilikuwa imefurika. Kitanda kimoja wagonjwa watatu, na waliokosa wako chini. Siwema alitandikiwa kanga sakafuni, jirani na mlango wa choo. Wodi nzima ilikuwa na muuguzi mmoja, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Apigwe picha ya kichwa haraka," aliwaambia. "Daktari hawezi kuanza dawa bila kujua kama damu imeganda au imevuja. Ni laki mbili na nusu. Mlipe kwa simu, dirishani hawapokei fedha taslimu."

Wazee wakatazamana. Hela walikuwa nazo. Kila mmoja alikuwa na pensheni yake ndani ya simu, na simu mfukoni. Ila namba za kuzifungulia zilikuwa kichwani mwa mtu aliyelala pale sakafuni.

Kesho yake Mbaruku alipanga foleni benki, inakopitia pensheni yake, tangu asubuhi ili abadilishiwe namba. Saa saba akaambiwa mtandao haupo, apige huduma kwa wateja. Akapiga. Sauti ikasema bonyeza moja, bonyeza mbili. Kila alipoondoa simu sikioni atafute pa kubonyeza, akiirudisha anakuta sauti imeanza upya. Alirudi hospitali kichwa chini, aibu imemjaa. Fedha za mkononi walizochanga wazee wote zilikuwa elfu thelathini na moja.

Siku ya tatu, Mbaruku alikuwa ameinama kumfuta Siwema jasho. Siwema akainua mkono wa kushoto. Akaonyesha vidole vinne. Kisha kimoja. Kisha akakunja ngumi. Kisha vitatu. Akarudia vilevile, akimkazia macho.

"Ni namba," alisema Mbaruku. "Anatupa namba ya siri. Nne, moja..."

"Ngumi ni sifuri," alisema Bi Mwanjaa. "Ni ya kwake hiyo. Anataka tutoe hela zake. Lete simu yake."

Siwema akaguna na kutikisa kichwa. Wakadhani ni maumivu.

Muuguzi akawafungulia pa kuandika namba, wakaingiza. Simu ikakataa. Mbaruku akasema labda ngumi ni tano, wakaingiza tena. Ikakataa. Mara ya tatu Bi Mwanjaa akarudia ile ya kwanza, polepole, na simu ya Siwema ikajifunga.

Siwema akanyoosha mkono akashika shati la Mbaruku, kwenye mfuko wa kifuani, akalivuta. Mzee akauchukua ule mkono, akaushika kwa viganja viwili.

"Usiogope, mwanangu," alimwambia. "Tuko hapahapa."

Machozi yakamtoka Siwema. Mbaruku naye akalia.

Alifariki siku iliyofuata mchana, picha haijapigwa.

Mwisho wa mwezi Mbaruku alikwenda kwa wakala mwingine, ng'ambo ya barabara. Nyumbani unga ulikuwa umekwisha.

"Weka namba ya siri, mzee."

"Siijui."

"Jaribu yoyote unayoikumbuka. Ikikataa utakwenda benki."

Mbaruku alikuwa anakumbuka namba moja tu, na alikuwa akiiota kila siku tangu mazishi. Akabonyeza: nne, moja, sifuri, tatu.

Simu ikakubali.

Ilikuwa namba yake mwenyewe. Miaka yote Siwema alikuwa akiona uso wa mteja, namba ya mteja huyo ndiyo inayomjia. Pale sakafuni, bila maneno, alimpa mzee aliyemwinamia namba ya siri ya mzee huyohuyo, na alipovuta mfuko alikuwa anamwonyesha simu ilipo. Ndani mlikuwa na laki sita na elfu arobaini.

"Unatoa shilingi ngapi, mzee?" aliuliza wakala.

Mbaruku alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote. Alisimama pale mpaka waliokuwa nyuma yake wakaanza kunung'unika, kisha akairudisha simu mfukoni akaondoka bila kutoa hata senti.

Funzo: Kumbonyezea mzee wako kila mwezi usidhani umemsaidia, kaa naye mpaka ajue mwenyewe. Na wewe mzee, ukiitwa ujifunze, acha ubishi uende, maana hicho unachokikataa leo kinaweza kuwa uhai wa mtu unayempenda.