Kwa Nini Kichwa cha Ndege wa Mkate Huliwa na Ng'ombe

Mambo yalianza tarehe ishirini na mbili Machi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Zorka alipoinua fungu la mwisho la nyasi kavu zizini na kuona udongo chini yake.

Zama hizo, katika vijiji vya Waslavi, majira ya baridi hayakuwa na siku ya kuondoka. Yalikaa tu mpaka vipozamataza, ndege wadogo wa mashambani, warudi kutoka kusini wakiimba. Ili kuwaita, wanawake walioka mikate yenye umbo lao na kuiinua juu ya mapaa. Mikate hiyo haikuwa na macho, kwa kuwa hakuna aliyetaka kula kitu kinachomtazama.

Mwaka huo walikuwa wameoka mara tatu, na theluji bado ilifika magotini. Zorka alikuwa mjane mwenye ng'ombe mmoja na mtoto, Militsa, aliyeishi kwa maziwa ya ng'ombe huyo. Pasipo nyasi, maziwa yangekauka kabla ya juma kwisha.

Akakanda unga uliobaki, akafinyanga ndege mmoja. Jirani yake, Bibi Yefrosinya, akachungulia mlangoni.

"Kipofu mwingine tena? Mjukuu wangu, huyo hata mlango wako haoni, ataiona njia ya kusini?"

Bibi alitania, lakini Zorka hakucheka. Alifungua kitambaa alimomwekea Militsa zabibu kavu mbili za sikukuu, akazikandamiza kichwani mwa ndege, moja kila upande.

"Wewe! Sasa nani atamla?"

"Tutajua baadaye, bibi. Kwanza aone yeye."

Mkate ulipoiva alipanda paa la zizi, akauinua kuelekea kusini, akaita mpaka sauti ikamkauka. Hakuna kilichojibu. Jioni aliumega, mwili akampa Militsa. Kichwa kilimtazama Zorka, naye hakuthubutu kukila wala kukitupa. Akampelekea ng'ombe, ambaye hakujali kutazamwa.

Na tangu siku hiyo, ndege wa mkate huokwa na macho ya zabibu, na kichwa chake ni haki ya ng'ombe.

Zorka mwenyewe hakujua kwamba ameanzisha desturi. Asubuhi iliyofuata alisikia wimbo wa kipozamataza juu ya shamba. Huko theluji ilikuwa imeachia kipande cha ardhi kisichozidi upana wa mkeka, chenye majani mabichi. Akamfungua ng'ombe kamba, akamwongoza hadi hapo polepole, maana miguu ya ng'ombe ilikuwa ikitetemeka kwa njaa.